Ujumbe Taka na Posti za Ilimradi: Nani Analipa?

Admini wengi huvichanganya vitu viwili. Kuna tangazo la "wekeza 20,000 upate 200,000 ndani ya saa mbili", lililorushwa saa tisa usiku na namba ambayo hakuna mwanakundi anayeijua. Halafu kuna mwanakundi halali, mtu mwenye jina na sura, anayeandika "naombeni msaada wakuu" kisha ananyamaza bila kusema msaada wa nini. Vyote vinakera, vyote vinajaza simu, na vyote hufutwa kwa hasira ileile. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu la kwanza, ujumbe taka, ni biashara na la pili, posti ya ilimradi, ni mtu aliyeshindwa kujieleza. Ukimtendea huyu wa pili kama yule wa kwanza, utabaki na kundi safi lisilo na watu.

Kinachofanya vifanane ni hesabu ya gharama. Aliyeandika ametumia sekunde tano. Wasomaji 300 wametoa simu mfukoni, wakafungua, wakasoma, wakasonya. Gharama yote imeangukia kwa wasomaji na kwa admini. Ukifuatilia historia ya mapambano haya utaona kwamba mbinu zilizofaulu ni zile zilizomrudishia mwandishi sehemu ya gharama hiyo. Zilizofeli mara nyingi zilimtwisha mzigo mtu mwingine kabisa, hasa mgeni aliyeingia jana.

Mawakili wa Green Card

Ujumbe taka una umri mkubwa kuliko wavuti. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, aliwaandikia watu wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, akiwaalika kuja kuona kompyuta mpya za kampuni yake. Alikaripiwa na mambo yakapoa. Tukio lililobadilisha kila kitu lilikuja tarehe 12 Aprili 1994, nalo lina harufu ambayo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ataitambua mara moja.

Laurence Canter na Martha Siegel, mume na mke, walikuwa mawakili huko Arizona, Marekani. Walitafuta watu wa kuwajazia maombi ya bahati nasibu ya Green Card. Ndiyo, ileile. Aliyewahi kupita kwenye kibanda cha intaneti chenye bango la "Tunajaza Green Card" anaijua biashara yenyewe: kushiriki wakati ule kulihitaji barua ya posta tu, wao wakauza kazi ya kuiandika.

Uwanja waliouchagua ulikuwa Usenet, mfumo wa maelfu ya makundi ya majadiliano, kila kundi na mada yake. Usenet ilikuwa na njia ya kiungwana ya kupeleka ujumbe mmoja kwenye makundi kadhaa. Ujumbe ulibaki mmoja, na ukishausoma kwenye kundi hili, programu yako haikukuonyesha tena kwenye lile. Mawakili hawa waliikwepa njia hiyo. Walitumia programu iliyoweka nakala tofauti katika kila kundi, zaidi ya makundi 5,000, kwa hiyo mtu aliyefuatilia makundi 15 alilisoma tangazo lao mara 15. Malalamiko yalimiminika mpaka seva za kampuni iliyowauzia intaneti zikazidiwa, na akaunti yao ikafungwa. Mnorway mmoja, Arnt Gulbrandsen, aliandika boti, yaani programu inayojiendesha yenyewe, ya kufuta nakala zao kila zilipochomoza. Wenyewe hawakujuta hata kidogo. Walidai kazi ile iliwaingizia zaidi ya dola 100,000, na kuitangaza kuliwagharimu senti. Mwaka 1997 Canter alifutiwa uwakili katika jimbo la Tennessee, na matangazo hayo yalikuwa miongoni mwa sababu.

Dola laki moja kwa senti. Hapo ndipo penye fumbo lote la ujumbe taka. Ikiwa kutuma hakugharimu kitu, basi hata mteja mmoja katika watu elfu kumi ni faida, na wale 9,999 waliopotezewa muda hawaingii kwenye hesabu za mtumaji. Kumkanya mtu wa aina hii au kumwekea kanuni za kundi ni kazi bure. Anazijua, na hazimhusu.

Kuhesabu bila kusoma

Watu wa Usenet walibaki na swali gumu: nani ana haki ya kufuta maneno ya mwenzake? Ukianza kufuta kwa kuwa ujumbe "ni mbaya", leo unafuta la Green Card, kesho unafuta la mtu wa chama pinzani. Jibu lao, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa mambo ya busara zaidi kuwahi kufanywa mtandaoni. Waliamua kuhesabu bila kusoma. Kipimo walichokitumia kina jina la aliyekibuni, Seth Breidbart. Kwa kila nakala unachukua kipeuo cha pili cha idadi ya makundi iliyofikia, kisha unajumlisha. Jumla ikizidi 20 ndani ya siku 45, huo ni ujumbe taka na unaweza kufutwa, uwe unauza viatu au unahubiri amani.

Jaribu mwenyewe. Mtu anapeleka ujumbe mmoja kwenye makundi 25 kwa ile njia ya kiungwana: kipeuo cha pili cha 25 ni 5, yuko salama. Mwingine anaweka nakala 25 tofauti: kila moja inahesabiwa 1, jumla 25, amevuka mstari. Maneno ni yaleyale na idadi ya makundi ni ileile, ila huyu wa pili amewasumbua watu zaidi na adhabu inamfuata yeye. Hakuna aliyeulizwa kama tangazo ni zuri.

Fikra hiyo ilirudi miaka mingi baadaye mahali ambapo wengi wetu tunaishi sasa. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji, kampuni yenyewe haiwezi kuusoma, kwa hiyo hata ikitaka kuchuja maneno haina pa kuanzia. Inachoweza ni kuhesabu safari. Mwaka 2018, baada ya uvumi uliosambazwa kwa simu kusababisha watu kuuawa na makundi yenye hasira nchini India, iliweka kikomo: huko ujumbe ungefowadiwa kwa maongezi 5 kwa mara moja, na kwingineko 20. Januari 2019 ile 5 ikawa ya dunia nzima. Aprili 2020, uvumi wa korona ukiwa umepamba moto, ujumbe wenye mishale miwili, yaani uliokwisha kupita mikono mingi, ukaruhusiwa kwenda kwa maongezi mamoja tu kwa wakati. Kampuni ilisema ujumbe wa namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70.

Usiisome takwimu hiyo kana kwamba uvumi ulikufa. Makundi ya wakati huo yalichukua hadi watu 256, na maongezi 5 mara 256 ni watu 1,280 kwa kubonyeza mara moja. Aliyedhamiria alinakili maneno, akayabandika upya, na mishale ikapotea. Lakini wengi hawakudhamiria chochote. Ni shangazi aliyeona "sambaza kwa watu 20 leo utapata baraka" na akasambaza kwa moyo safi. Hatua moja ya ziada ya kidole ilitosha kumwacha ajiulize kama inafaa.

Ile hela

Tuchukue ujumbe mmoja tuuangalie kwa karibu. Kila mwenye simu Tanzania ameupokea kwa sura moja au nyingine: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, ile yangu ina tatizo. Jina litakuja fulani." Hauna linki, hauna tusi, haumtaji benki wala mganga. Ni sentensi ambayo mama angeweza kumwandikia mwanawe mchana huu. Nguvu yake iko kwenye wingi. Ukiurusha kwa watu elfu moja mwisho wa mwezi, hawatakosekana wachache ambao asubuhi hiyohiyo walimwahidi mwenye nyumba kodi au fundi malipo yake, na mmojawao atatuma kabla hajapiga simu kuuliza.

Kichujio cha maneno hakiuwezi ujumbe huu. Ukizuia "hela", "tuma" na "namba", umezuia nusu ya maongezi ya nchi nzima. Vichujio vya takwimu, vile vilivyopata umaarufu baada ya mtengeneza programu Paul Graham kueleza mwaka 2002 jinsi ya kukokotoa uwezekano wa barua kuwa taka kutokana na maneno yaliyomo, ni bora zaidi kwa sababu hupima maneno yote kwa pamoja na hujifunza kadiri unavyovisahihisha. Kwa Kiswahili, hata hivyo, vinakwama pengine. Kichujio kinachokata sentensi kwa kufuata nafasi kinaona nitumie, umenitumia, tumeni, nikutumie na ametumiwa kuwa maneno matano yasiyojuana. Kila moja linahitaji mifano yake, na mifano ya Kiswahili iliyokusanywa kwa kazi hiyo ni michache kuanzia mwanzo. Ongeza "ntumie", "ntmie" na Kiingereza kilichochanganywa katikati, utaelewa kwa nini folda ya taka kwenye simu yako inakamata ofa ya Kiingereza halali kabisa na kuupitisha utapeli wa nyumbani.

Kinachoukamata ujumbe wa "ile hela" ni kilekile cha Breidbart: laini moja kutuma maneno yaleyale kwa mamia ya watu wasiojuana, na wapokeaji kuripoti. Tanzania wanaopokea wanatakiwa kuipeleka namba hiyo kwa 15040, na wateja wa Safaricom nchini Kenya hutumia 333. Njia ya pili ni kuifanya laini yenyewe iwe ghali kuipoteza. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao kwa ajili yake Tanzania ilianza kuzifungia laini zisizosajiliwa Januari 2020, ulikuwa na maana hiyo pia. Laini ikifungwa isiwe ya kutupwa tu na kununuliwa nyingine kwenye mwavuli wa jirani. Matapeli walijibu kwa kutafuta laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine, na ndiyo sababu kuna *106# ya kukagua ni namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako, yaani namba ya kitambulisho chako cha taifa. Angalia kilichotokea: gharama ilipanda kwa tapeli, halafu sehemu yake ikateremka kwa raia mwema anayepaswa kukagua kila mara. Huwa haikosi kuvuja hivyo.

Kuku wanakufa

Sasa tuje kwa mwanakundi halali. Hapa mtu anataka kusaidiwa, au kujumuika, au kuonekana yupo. Haibi. Kosa lake ni kwamba amewaachia wengine kazi ambayo ingekuwa nyepesi zaidi mikononi mwake.

Kwenye makundi ya wafugaji swali hili ni la kila wiki: "Kuku wangu wanakufa nifanyeje wakuu?" Majibu yanakuja kwa kasi. "Pole mkuu." "Wape mwarobaini na kitunguu swaumu." "Hiyo ni kideri, hakuna dawa." "Gumboro hiyo." "Njoo inbox nina dawa." Hilo la mwisho linafaa kutazamwa mara mbili, kwa sababu linaonyesha jinsi aina mbili za takataka zinavyolishana: swali lisilo na maelezo ndilo soko la muuza dawa asiyejulikana. Afisa mifugo aliyemo kundini, ambaye angeweza kusaidia kweli, haandiki kitu, kwa kuwa angelazimika kuuliza maswali sita kabla ya kujibu moja.

Dawa iliyofanya kazi kwa wanaoijaribu ni fomu fupi iliyobandikwa juu ya kundi: kuku wa aina gani na wana umri gani, wako wangapi, wamekufa wangapi na tangu lini, wamechanjwa nini na tarehe gani, kinyesi kina rangi gani, picha. Basi. Mtu akijaza, swali linabadilika kabisa. Vifaranga wa wiki nne, wamejikunyata, kinyesi kina damu: mfugaji mzoefu atafikiria kuhara damu na usafi wa matandazo kabla ya kitu kingine. Kuku wakubwa wasiochanjwa, wanakufa kwa kufuatana, kinyesi cha kijani, shingo zimepinda: hapo mazungumzo yanahamia kwenye kideri na namna ya kuwalinda waliobaki. Wapo wanaofika kwenye mstari wa chanjo, wakagundua hawajui walichanja lini, na wakapata jibu lao kabla ya kulituma swali.

Gharama imerudi kwa mwandishi, ila ni ndogo na inamfaidisha yeye mwenyewe. Ndiyo tofauti kubwa kati ya fomu na kumfungia mtu. Fomu kama hiyo kwa mtangazaji wa 200,000 haina maana yoyote, na kumtoa kundini bibi mwenye kuku wanaokufa ni ukatili usio na faida.

Inategemea kundi ni la nini

Wageni wanaotunga kanuni za usimamizi wa mitandao hushangazwa na salamu zetu. Picha ya maua yenye "Asubuhi njema" kila siku saa kumi na mbili, "Amina" hamsini mfululizo, "Ijumaa Karim" kutoka kwa kila mtu. Kwa kipimo cha juhudi hizo ni posti za ilimradi kuliko zote. Lakini kwetu asiyesalimia ndiye mwenye kasoro, na admini anayepiga marufuku salamu huitwa ana kiburi kabla jua halijazama, na kwa maoni yangu wanaomwita hivyo wana hoja.

Chukua kundi la msiba. Ujumbe wa "Poleni sana, Mungu awatie nguvu" ukirudiwa mara 200 hauna taarifa mpya hata moja, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeuita taka. Hizo pole ndizo kundi lenyewe. Tatizo linakuja mahali pengine: orodha ya michango. Mnaijua. Mtu ananakili orodha, anaongeza "14. Baba Neema 50,000", anaibandika upya. Dakika hiyohiyo mwingine aliyenakili ile ya zamani anaongeza "14. Mama Junior 30,000". Sasa kuna orodha mbili, kila moja imekosa mtu, na zote zinazama chini ya pole 40 mpya. Kesho yake mama mmoja ananung'unika kwamba jina lake limeondolewa makusudi, na ugomvi wa familia umepatikana kwa sababu ya kunakili na kubandika. Suluhisho ni dogo sana: mweka hazina peke yake ndiye anayegusa orodha, naye anaiweka mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Pole zinaendelea bila kuguswa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika kanuni, admini anahitaji kujua watu wamekusanyika kwa ajili ya nini. "Pole mkuu" kumi kwenye kundi la kuku zinaficha jibu la afisa mifugo. Maneno yaleyale msibani yanafanya kazi iliyowakusanya watu.

Septemba

Kuna simulizi nyingine ya Usenet inayofaa hapa. Watumiaji wake wengi walikuwa watu wa vyuo vikuu, na kila Septemba waliingia wanafunzi wapya wasiojua desturi. Waliuliza yaliyokwisha kujibiwa na kujibu yasiyoulizwa. Wazee wa makundi walivumilia, wakaelekeza, na ndani ya wiki chache wageni walizoea. Kuanzia mwishoni mwa 1993 kampuni za kuuzia intaneti watu wa kawaida, hasa America Online, zikawafungulia wateja wao mlango wa Usenet. Wageni wakawa wanaingia kila mwezi, wengi kuliko wazee wa kuwaelekeza. Watu wa enzi hiyo wakaiita Septemba isiyoisha.

Wengi huisimulia kama hadithi ya wajinga kuvamia mahali pa wenye akili. Mimi naisoma kama hadithi ya idadi. Wageni wa 1992 hawakuwa werevu kuliko wa 1994; tofauti ni kwamba kila mmoja alikutana na mtu wa kumwambia "hapa tunafanya hivi". Kundi linaloongeza watu 10 kwa mwezi linaweza kuwafunza. Likiweka linki kwenye kila ukurasa na kupokea 400 kwa wiki moja, hakuna kanuni itakayoliokoa. Ndiyo maana kitufe cha kuidhinisha wanaoingia kwa linki, ambacho WhatsApp ilikiongeza mwaka 2023, kina thamani kuliko ukurasa wa kanuni 25: kinampa admini uwezo wa kupunguza kasi, na anaweza kuuliza swali moja mlangoni.

Mitandao mikubwa ilijaribu kufanya kazi ya wale wazee kwa pointi. Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia iliyoanza 1997, ilimpa msomaji wa kawaida, aliyechaguliwa kwa bahati, pointi tano za kupandisha au kushusha maoni ya wenzake kwa siku chache, kisha zikaisha. Maoni yalibaki kati ya -1 na 5, hayakufutwa, na kila msomaji akachagua asome kuanzia ngazi gani. Stack Overflow ya watengeneza programu, iliyoanza 2008, ilikwenda mbali zaidi. Ukishusha jibu la mtu unapoteza pointi yako moja. Napenda sana ukali huo mdogo, kwa kuwa hata hukumu inakuwa na bei.

Lakini Wikipedia ya Kiingereza inatuonyesha upande wa giza. Ilipokua kwa kasi ilishambuliwa na waharibifu na watangazaji, ikajijengea kinga imara: boti zinazorudisha mabadiliko mabaya ndani ya sekunde, programu za kuwasaidia walinzi kufuta kwa kubonyeza mara moja, kanuni juu ya kanuni. Idadi ya wahariri wake hai ilifika kilele mwaka 2007 kisha ikaanza kushuka. Utafiti wa Aaron Halfaker na wenzake uliochapishwa mwaka 2013 ulieleza sababu: vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya waharibifu vilikuwa vinawapiga pia wageni wenye nia njema, kazi yao ya kwanza ikifutwa bila maelezo, na hawakurudi. Zana iliyokusudiwa kwa mawakili wa Arizona ilitumika kwa bibi wa kuku, na maelfu ya mabibi wakaondoka kimya. Hasara ya aina hii haionekani kwenye kioo cha admini, kwa sababu aliyeondoka hapigi kelele.

Zawadi, na mashine isiyochoka

Wakati mwingine posti za ilimradi huletwa na tuzo. Mwishoni mwa 2009 Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, zawadi zikiwemo kompyuta na simu. Makala ziliongezeka kwa mamia, na si haki kudharau hilo kwa lugha iliyokuwa na maandishi machache mtandaoni. Ila ukilipa kwa idadi utapata idadi. Makala ya mistari mitatu na ile ya kurasa tatu zote ni "makala moja", na shindano likiisha kila moja bado inahitaji mtu wa kuisahihisha, kuiunganisha na kuilinda, kazi isiyo na zawadi. Mitandao inayowalipa watu kwa kutazamwa imelifanya shindano hilo liwe la kudumu, na matunda yake tunayaona: video moja ikinakiliwa na kurasa 60, na "comment neno AMINA kama unampenda mama yako".

Wanaobeba mzigo wa kusafisha kwa sehemu kubwa hawalipwi. Juni 2023 maelfu ya jumuiya za mtandao wa majadiliano wa Reddit zilifungwa kwa makusudi na wasimamizi wake wa kujitolea, baada ya kampuni kupandisha bei ya kuunganisha programu za nje, nyingine zikiwa ndizo walizotegemea kuchuja taka. Huku kwetu admini ana hofu ya ziada, ya sheria. Kenya ilitoa miongozo Julai 2017, kabla ya uchaguzi, iliyowataka maadmini wawajibike kwa yanayoandikwa kwenye makundi yao. Kanuni za maudhui mtandaoni za Tanzania za 2018 zilidai leseni, na JamiiForums, jukwaa la majadiliano la Watanzania, ilisimama kwa muda mwezi Juni mwaka huo. Kanuni hizo zililenga uchochezi zaidi kuliko matangazo ya uwekezaji hewa. Hata hivyo, admini mwenye hofu hufanya jambo lililo rahisi: anageuza kundi liwe la maadmini tu kuandika. Taka zinakwisha siku hiyohiyo. Mazungumzo nayo yanakwisha.

Kisha, mwishoni mwa 2022, ikaja akili mnemba ya kuandika, na alama moja tuliyoitegemea ikapotea. Kwa miaka mingi urefu ulikuwa ushahidi wa juhudi: mtu aliyeandika aya nne zenye mpangilio alikuwa amekaa chini akafikiri. ChatGPT ilikuwa na siku chache tu tangu itolewe pale Stack Overflow ilipopiga marufuku majibu yake, Desemba 2022. Sababu waliyotoa ilikuwa ya gharama tupu: majibu yanazalishwa kwa sekunde, yanaonekana safi, mengi yana makosa, na kuyagundua makosa kunahitaji mtaalamu na muda. Mwaka 2025 Wikipedia ya Kiingereza ilikubali kufuta haraka makala zenye dalili za wazi za kutungwa na mashine bila mtu kuzipitia, kama vile marejeo ya vitabu visivyokuwepo, au maneno ya mashine ikimjibu aliyeiagiza, yaliyosahauliwa katikati ya makala.

Kwenye kundi la wafugaji dalili hizo hazitoshi, kwa kuwa jibu la mashine kuhusu kideri linaweza kuwa sahihi kabisa na bado lisimsaidie mtu. Aya sita za "hatua muhimu za kuzuia magonjwa ya kuku" zinabandikwa na mtu asiyefuga, kuku wa muulizaji wanaendelea kufa, na anayesoma anadhani ameshajibiwa. Maadmini walioliona hili wamebadilisha swali wanalouliza kabla ya kuacha jibu libaki. Hawajisumbui kujua kama limeandikwa na mashine. Wanamuuliza aliyejibu: wewe ulikuwa na kuku wangapi, ulinunua chanjo duka gani, uliihifadhi vipi mpaka ukafika bandani, na wangapi walipona? Aliyefuga anajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili, jogoo akiwika nyuma. Ambaye hajafuga huwa ameshahamia kundi lingine.